Mtamba wa Kumaliza Damu

Haya yalimkuta rafiki yangu Mseti wa Gorong'a, mtu asiyejua kutunga uongo. Kaka yake alimuua Nyamhanga akatorokea Kenya, basi kwa mila ya kisasi zamu ya kufa ikawa ya Mseti, isipokuwa wafiwa wapokee mtamba. Jioni akampeleka nyumbani kwa mama wa Nyamhanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaka yako mwanaume kweli, ameua kisha amekutuma wewe," mama wa marehemu alisema. "Mwingize zizini yaishe. Nimechoka kuzika."

Giza lilipoingia, Mseti akiwa anafunga lango la zizi, mluzi wa Nyamhanga wa kuitia ng'ombe ukalia kaburini, nyuma ya zizi. Ng'ombe wote wakanyamaza. Mseti akasikia kwato zikiburuza udongo, akamulika tochi. Mtamba alikuwa anarudi kinyumenyume, kichwa kimeinamishwa, kama mtu kamshika pembe anamsukuma, mpaka mkia ukamgusa Mseti tumboni.