Koti la Rubani Lisiloshika Moto

"Ndiyo huyu! Huyu mwenyewe aliniambia koti imetoka kambi ya ndege!"

Jamani... kidole cha yule mama kilikuwa kinakaribia kunitoboa jicho. Nyuma yake, mlangoni pa duka langu hapa Kansanga, walisimama askari polisi wawili!



Naitwa Mbambu, Mnande wa Butembo. Nauza makoti ya marubani, yale ya kijani yenye bitana ya rangi ya chungwa na kimfuko cha kalamu mkononi. Yule mama ni Adong, mke wa mwanajeshi. Alinunua kwangu makoti mawili mwezi uliopita.

Mkubwa wa wale askari, afande Kamis, alilitupa koti moja la Adong mezani.

"Mama, hii koti umetoa wapi?"

"Kwa... kwa wafanyabiashara tu, afande."

"Huyu dada anasema uliapa ni ya jeshi, orijino. Uliapa ao hukuapa?"

Niseme nini? Niliapa! Ndugu zangu, ulimi wangu unajulikana barabara nzima ya Ggaba. Kwangu kila koti ni orijino, limevuliwa na rubani jana tu, jasho lake bado bichi.

Lakini mnajua wenyewe, raia kukutwa na nguo za jeshi Uganda hii ni kesi ya namna gani. Na mimi ni mkimbizi mwenye watoto watatu. Nikiingia ndani, nani atawalea?

"Utatembea ao tukubebe?" akauliza yule askari wa pili, Odur.

"Afande, nakuomba! Miye siko mwizi! Ni kopi! Yote ni kopi!"

"Kopi?" Adong akadakia. "Wiki ile si ulinifukuza hapa mbele ya watu? Si ulisema macho yangu ya kijijini haijui koti?"

Kweli nilisema. Alikuja kulalamika kwamba koti ni feki, sikumwacha hata amalize, nikampa za uso mpaka wapita njia wakajaa.

Sasa niwaeleze siri ya biashara, maana leo sifichi kitu.

Kopi ziko za aina mbili. Ukizilaza mezani pamoja, zipu ni ile ile, kola ile ile, hata lebo yenye namba za jeshi imeshonwa vile vile. Tofauti ni kitambaa. Kopi ya bei kali imeshonwa kwa kitambaa kile kile cha marubani. Ukikiwasha kinageuka cheusi, basi, hakishiki moto. Kopi ya bei rahisi ni poliesta.

Mimi nilinunua moja tu ya bei kali, nikaikatakata vipande. Mteja akija, nawasha kipande. Anaona mwenyewe hakiungui... halafu namfungia poliesta!

Ndivyo nilivyomnyamazisha Adong siku ile. Niliwasha kipande mbele ya watu, kikagoma kuwaka, wakapiga makofi. Mama wa watu akaondoka kichwa chini, na mimi nikacheka.

Lakini mbele ya askari, kipande kile kingenifunga! Nikashika kiberiti cha gesi, nikavuta mkono wa lile koti alilonunua Adong, nikawasha.

Moto ukapanda saa hiyo hiyo! Kitambaa kikayeyuka, matone meusi yakadondoka sakafuni huku yanawaka. Nikayakanyaga.

"Mmeona? Poliesta tupu! Rubani gani atavaa takataka hii? Nimedanganya watu, nakubali, lakini sikuiba kitu cha jeshi!"

Moyoni nilishaanza kumshukuru Mungu.

Afande Kamis hakucheka. Alimgeukia Adong.

"Dada, umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi inatosha. Odur, andika. Amewasha mwenyewe, amesema mwenyewe."

Sikuelewa. "Andika nini, afande? Si nimewaonyesha siyo ya jeshi?"

"Nani anatafuta ya jeshi?" Adong akasema polepole. "Nilienda polisi, wakaniuliza ushahidi iko wapi. Mtaa yote imekuona ukiwasha kipande, haiungui, nani angeniamini? Nikajua wewe utasema ukweli siku ile ukweli itakusaidia wewe."

Akachungulia nje.

"Ochan! Ingia, ndugu yangu."

Akaingia mwanamume mmoja mrefu, mkono wa kulia umefungwa bendeji kuanzia begani mpaka kwenye vidole. Ni kaka yake Adong, fundi wa kuchomelea mageti. Koti la kwanza Adong alilinunua liwe zawadi ya kakake... na hili hapa mezani lilikuwa la pili, alilonunua siku ile ile la mumewe.

"Dada aliniambia haishiki moto," Ochan akasema. "Nikavua ile kinga ya ngozi ya ng'ombe, sababu ya joto, nikavaa koti. Cheche ikaingia hapa kwa kiwiko. Nikivuta koti, inakuja na ngozi yangu."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Nilikaa chini pale pale sakafuni, nikalia mpaka nikaona aibu ya kulia mbele yake.

"Vidole?" nikauliza.

"Mbili haitakunja tena."

Kesi inaendelea, na sitaikimbia. Pole zenu msinipe mimi, mpelekeeni Ochan.

Naandika kwa sababu moja tu. Makoti hayo nimeuza arobaini na moja, na wengi wenu siwajui majina. Kuna baba mmoja anachoma nyama Nakasero. Kuna mama anakaanga chapati Kasubi, nilimwambia alivae hata jikoni, hatapata neno. Kuna wengine sikuwauliza hata wanafanya kazi gani, nilikuwa natazama tu kama wanasogea kutoa pesa.

Wewe unayeuza kitu chochote, muulize mteja anakwenda kukifanyia nini, ndipo ufungue mdomo. Mimi sikuuliza.

Na kama koti lako ulilinunua kwangu, livue. Usisubiri kulijaribu kwa moto. Najua nilikuambia nini, na najua nilimtaja Mungu. Livue leo!