Nilimwita Ghanim Msaliti, Naye Akazipanga Herufi

"Huu ni mwandiko wako?"

Afisa wa Kizungu alinisukumia karatasi mezani. Nikaivuta karibu, nikaitazama.

Ilikuwa makala yangu. Jana tu niliikabidhi gazetini, hata haijachapwa, leo ipo kwa Mzungu!

Jamani mnaonisoma, mimi ni Eliakimu. Mchaga, nimesomea misheni, nikashuka Dar es Salaam mwaka 1931. Mchana karani, jioni naandika katika gazeti dogo la Kiswahili hapa Kariakoo. Ngoma za beni, siasa, na rangi. Hasa rangi. Na siweki jina langu.

Makala yenyewe ilihusu ofisi moja ya serikali. Wazungu wanahudumiwa ndani, vitini. Wahindi na Waarabu barazani, kivulini. Sisi weusi, juani. Mama mmoja mjamzito alianguka kwenye foleni ile mbele ya macho yangu... Mtoto hakupona.

"Huu ni uchochezi," afisa akasema. "Rudi Jumatatu. Nitakuwa nimeamua kama nikufunge."

Nikatoka mbio mpaka gazetini.

Makala ile ilishikwa na watu wawili tu. Isidori, mhariri na mwenye gazeti, aliyenifundisha kazi. Na Ghanim bin Mbaruk, mpanga herufi. Kila mstari tuliochapa ulipita vidoleni mwake.

Isidori akanivuta pembeni.

"Mimi nilimpa Ghanim aipange. Basi."

"Yaani Ghanim ndiye..."

"Eliakimu, wao wana kivuli, sisi tuna jua. Ulitegemea nini?"

Nikaamini. Ghanim mwenyewe sikumuuliza hata neno moja!

Nikaketi, nikaandika kwa hasira. Nikamtaja kwa jina, yeye na baba yake. Nikasema Mwarabu ni Mwarabu tu, mlishe leo, kesho atakuuza.

Na nani wa kuipanga? Ni yeye!

Nikamtupia karatasi. Akasoma. Akarudia.

"Unaamini haya, bwana Eliakimu?"

"Panga!"

Akapanga. Herufi moja moja, jina lake, jina la marehemu baba yake... Nilipokosea tahajia, akanisahihishia! Kisha akanawa wino mikononi, akavaa kofia yake, akaenda zake.

Ijumaa gazeti likatoka. Kufika adhuhuri Kariakoo nzima inalo mdomoni.

Mke wake, Zeina, alikuwa akiuza halua karibu na soko. Watu wakamsusia. Wengine wakalipindua sinia lake barabarani. Nilimwona ameinama anaokota... nikapita. Moyoni nasema, wamejitakia!

Jumatatu nikarudi kwa afisa. Nikamkuta ameshika gazeti letu, anatabasamu.

"Nani alikuambia aliyekusaliti ni Mwarabu?"

Akalilaza gazeti mezani.

"Yule tulimwita mara mbili. Tulimuuliza nani anaandika haya mambo bila jina. Unajua alijibu nini?"

"Sijui, bwana."

"Kwamba yeye hajui kusoma!"

Mpanga herufi... hajui kusoma!

"Makala yako aliileta mhariri wako mwenyewe," akaendelea. "Tulitaka kumnyang'anya kibali cha gazeti, akaona bora akutoe wewe. Lakini hii ya Ijumaa nimeipenda sana. Wewe andika hivi hivi. Sina haja ya kukufunga."

Bora angenifunga!

Nikamvaa Isidori.

"Umeniuza!"

"Ningefanyaje? Gazeti lingekufa!"

"Basi chapa kwamba Ghanim hana kosa."

"Nichape kosa langu kwa mkono wangu? Toka!"

Nikatoka. Kesho yake asubuhi, soko limejaa, nikapanda juu ya kreti na kusema kwa sauti: nimemzulia Ghanim, nimemzulia mtu aliyenificha.

Baadhi wakasikiliza. Wengine wakanizomea.

"Waarabu wamekuhonga!"

Maneno yangu mwenyewe ya Ijumaa ndiyo yaliyonijibu.

Nikaenda nyumbani kwa Ghanim. Akanifungulia mwenyewe.

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Nimesikia ulivyosema sokoni. Kwangu yamekwisha." Akageuka nyuma. "Lakini huyu ana lake."

Zeina alisimama ukumbini, mtandio umemfunika nusu ya uso.

"Shemeji..."

"Usiniite shemeji! Niliinama mavumbini, tukatazamana, ukapita. Ya gazeti utasema ulidanganywa. Pale sokoni nani alikudanganya?"

Nikashuka barazani, nikaondoka. Swali lake ninalo mpaka leo.

Mwezi haukuisha, wakahamia Tanga. Mimi sikurudi tena kwa Isidori.

Ndugu zangu, kuonewa kwa rangi yako hakukuzuii kumwonea mwenzako kwa rangi yake. Mimi nilidhani kunanizuia. Na kabla hujamtangaza mtu kwa watu, muulize yeye kwanza. Ghanim alikaa hatua tatu kutoka mezani kwangu.

Hatua tatu tu... nikashindwa kuzipiga.