Kata Isiyo na Kitako

Jumapili moja ya mwezi wa tano, baada ya kifungua kinywa, Ezumi Chizuko alimwambia mumewe kwamba anakwenda kuangalia kayaki, mtumbwi mdogo wa mtu mmoja wa kuvulia samaki. Mumewe, Yasunori, alishusha bakuli la supu akamtumbulia macho.

“Wewe? Wewe unayekimbia funza wa chambo?”

“Naenda kuangalia tu. Sijasema nanunua.”

“Haya. Ukinunua utalala nayo huko chini kwenye maegesho. Humu ghorofa ya nne haipandi.”

Wakacheka wote wawili. Chizuko alicheka ili asiulizwe zaidi, akachukua funguo za gari na kamba za kufungia mzigo. Mtu anayekwenda kuangalia tu habebi kamba, lakini Yasunori alikuwa amesharudi kwenye supu yake.

Alichomficha mumewe ni picha. Aliiona wiki iliyopita kwenye mtandao wa kuuzia vitu vilivyotumika: kayaki ya rangi ya machungwa, na huko tezini, nyuma kabisa, kiraka cheusi chenye mistari miwili iliyoungua. Chizuko aliijua mistari hiyo. Ilitokana na pasi yake mwenyewe ya kunyooshea nywele, ambayo mdogo wake Nobuaki aliiiba siku moja kabla ya harusi ya Chizuko ili ayeyushie plastiki ya kuzibia ufa. Waligombana siku ile hadi mama yao akawatoa wote nje.

Nobuaki alifia baharini miaka mitatu iliyopita, mwezi wa pili, maji yakiwa ya barafu. Alitoka na mtu mmoja tu, mvuvi mwenzake aitwaye Kajiwara Tetsuo. Kajiwara alirudi peke yake, akawaambia polisi kwamba walipotezana kwenye ukungu na hakumwona tena, si yeye wala chombo chake. Mwili ulipatikana siku ya tisa ukiwa bado na jaketi la kuelea. Kayaki haikupatikana. Kwenye mazishi Kajiwara hakufika, alituma bahasha ya rambirambi kwa mkono wa mtu mwingine.

Sasa kayaki hiyohiyo ilikuwa uani kwa Kajiwara, inauzwa. Tangazo lilisema: “Mmiliki mmoja. Haijapata ajali.” Watu wawili walikuwa wameinunua tayari, na wote walikuwa wameirudisha. Mmoja aliandika, “Inajaa maji.” Wa pili aliandika, “Nimerudisha. Msiniulize.”

Chizuko alitaka kitu kimoja. Alitaka kumsikia mtu yule akitamka kwa kinywa chake alimfanyia nini mdogo wake. Yatakayofuata baada ya hapo, angeyaona hukohuko.

*

Kajiwara alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kuinama sana. Aliishi na mama yake mzee kwenye nyumba iliyopakana na bahari, penye njia ya zege ya kushushia vyombo. Hakumtambua Chizuko. Angemtambuaje? Hakuwahi kumwona, na jina la Ezumi lilikuwa la mumewe.

“Karibu sana, Bi Ezumi. Umekuja kutoka mbali. Nikupunguzie kabisa, elfu ishirini tu.”

“Sijauliza bei bado.”

“Basi elfu kumi. Hata kasia nakupa.”

Chizuko aliizunguka kayaki polepole, akibonyeza hapa, akigonga pale, kama alivyomwona Nobuaki akifanya dukani. Alipofika tezini aliweka kidole gumba kwenye kiraka. Kilikuwa na unyevu. Jua lilikuwa limewaka tangu alfajiri, na kayaki ilikuwa imeinuliwa juu ya magogo.

Alifungua kifuniko cha mbele ya kiti. Ndani mlikuwa na maji kina cha kiganja. Juu ya maji ilielea kata ya mbao ya kuchotea maji, ya zamani, yenye jina lililochomwa kwa moto kwenye mpini: Kajiwara Mansaku. Aliigeuza akaona mkono wake upande wa pili. Haikuwa na kitako.

Chizuko alizaliwa pwani ileile, na baba yake alikuwa na kata kama hiyo chini ya kiti cha mashua. Ukungu ukishuka, waliozama huja ubavuni mwa chombo kuomba kata. Ukiwapa nzima, wanachota bahari wanakujazia mpaka uzame uwe mwenzao. Kwa hiyo unabeba iliyotobolewa kitako, unawapa hiyo, wanachota na kuchota wasipate kitu, wewe unaondoka.

“Ya babu yangu,” Kajiwara alisema, akaipokonya. “Mambo ya wazee tu.”

“Wewe huyaamini?”

“Hapana.”

“Mbona umeiweka humu?”

Kajiwara aliiangalia njia ya zege, kisha bahari, ambayo ilikuwa imetulia na nyeupe.

“Nataka kuiona majini,” Chizuko alisema. “Kaa wewe, mimi nitakufuata na hiyo kayaki yako mpya iliyo pale ukutani. Siwezi kununua chombo ambacho mwenyewe anaogopa kukikalia.”

“Dada, leo mgongo unaniuma.”

“Basi narudi nyumbani.”

Uso wa Kajiwara ulinyong’onyea. Mama yake alikuwa ametoka mlangoni, kibibi cha watu kimeshika nguzo kwa mikono miwili, na kilitikisa kichwa mara moja tu. Lakini kijana wake alitamani sana kuondokana na kitu kile. Alivaa jaketi, akaipachika kata ya babu kiunoni.

*

Walipiga makasia kama robo saa. Ilikuwa saa tano asubuhi. Chizuko alikaa nyuma yake kidogo, akikitazama kile kiraka kikizama na kuibuka, kikizama na kuibuka.

Kisha kikazama kisiibuke.

“Bi Ezumi,” Kajiwara alinong’ona. “Inakuwa nzito.”

Ukungu ulikuja kutoka bahari kuu bila upepo. Kwanza ulifuta kisiwa. Ukafuta njia ya zege. Ukafuta nyumba. Ikabaki kayaki mbili na kipande cha maji.

Kitu kikagonga chini ya chombo cha Kajiwara. Mara moja. Kimya. Mara ya pili.

“Nipe kata.”

Sauti ilitoka chini, karibu na maji, yenye meno yanayogongana kwa baridi. Chizuko aliifahamu. Nywele zilimsimama, na machozi yakamtoka papo hapo, kwa sababu miaka mitatu alikuwa akiogopa kwamba ameisahau.

Kajiwara alichomoa kata ya babu akaitupa ukunguni. Wakasikia maji yakichotwa, yakimwagika. Yakichotwa, yakimwagika. Kisha kata ikarudi. Ilirushwa kwa nguvu kutoka kwenye weupe ule, ikampiga Kajiwara kifuani, ikaangukia mapajani.

“Si hii, Tetsu.”

Kajiwara alianza kulia. “Kila mara anasema hivyohivyo. Hii kayaki niliikata kwa msumeno, asubuhi iko nzima. Niliipeleka jaani, ikarudi. Haitoki mpaka mtu aichukue kwa kutaka mwenyewe. Dada, chini ya kiti chako kuna kata ya plastiki. Ya buluu. Toboa kitako unirushie! Kisu kiko ubavuni!”

Chizuko aliitoa kata. Ilikuwa nzima. Akachomoa na kisu, akaviweka vyote viwili mapajani.

“Kwanza niambie. Siku ile alikuomba nini?”

“Nani?”

“Usinifanye mjinga, Kajiwara. Mwenye hiyo kayaki.”

Maji yalikuwa yameshafika kwenye kiti cha Kajiwara. Alisema haraka haraka, kwa mnong’ono, bila kumwangalia. Kifuniko cha kayaki ya Nobuaki kilikuwa kimepasuka, maji yanaingia. Kulikuwa na ukungu kama huu. Alisikia sauti ikiomba kata. Aliogopa. Babu yake alikuwa amemwambia tangu utotoni, ukisikia hivyo usifikiri mara mbili. Akatupa ile isiyo na kitako akapiga kasia. Kesho yake akaikuta kayaki mwambani, tupu, kata ikiwa ndani na jina la babu yake. Akaificha.

“Nilidhani ni wale wa majini,” alisema. “Naapa. Nilidhani ni wao.”

“Alikuita nani?”

Kajiwara akaanza kuzoa maji kwa viganja.

“Nakuuliza, alikuita nani?”

“Tetsu,” Kajiwara alisema. “Aliniita Tetsu.”

“Wa majini wanajua jina lako?”

Kila mtoto wa pwani ile anajua kwamba wa majini hawana jina la mtu vinywani mwao.

“Tulikuwa tumegombana,” alisema mwishoni. “Asubuhi ile. Alinicheka mbele ya watu. Nikasema acha na yeye ahangaike kidogo. Kidogo tu. Nilikuwa nimekusudia kurudi.”

Kumbe ndivyo. Chizuko alimwona akilini Nobuaki akiwa na mikono iliyokufa ganzi, akichota kwa kata isiyoshika maji, akidhani ni baridi inayomfanya asiweze. Hasira ilimjaa mpaka masikio yakaziba. Alikamata kisu, na Kajiwara akatabasamu kwa shukrani, akidhani anataka kutoboa. Chizuko akakitupa baharini.

“Mimi ni Ezumi kwa mume,” alisema. “Kwa baba ni Fukahori. Nobuaki ni mdogo wangu.”

Kajiwara akajaribu kusimama. Miguu haikutoka.

“Bi Ezumi, nina mama mzee.”

“Na sisi tulikuwa naye. Alikufa kwa kumlilia.”

Akainama juu ya maji. “Nobu. Ni mimi.”

Ikamjibu sauti ndogo, karibu kabisa na mkono wake:

“Nipe kata, dada.”

Akampa. Aliiweka majini ikiwa nzima, na vidole baridi vikaipokea kwa adabu, kama mtu anayepokea bakuli la wali.

Akageuza kayaki. Nyuma yake maji yalianza kumiminwa. Kata moja. Nyingine. Bila haraka. Kajiwara alipiga kelele, akaomba, akamwita mama yake. Chizuko hakugeuka. Alihesabu kata mpaka sitini na nne, na baada ya hapo hapakuwa na cha kuhesabu.

*

Ukungu ulipoinuka alikuwa amefika kwenye njia ya zege. Kayaki ya machungwa ilikuwa imetangulia. Ilikuwa imepandishwa mpaka uani, imewekwa juu ya magogo, na kwa mara ya kwanza ilikuwa kavu kabisa, hata ndani mlikuwa na vumbi.

Polisi walikuja. Chizuko aliwaambia kwamba walipotezana kwenye ukungu na hakumwona tena. Hayo yalikuwa maneno yaleyale ya Kajiwara, neno kwa neno, naye aliyasema kwa kuyafaidi. Yule kibibi alimsikiliza mpaka mwisho bila kulia, kisha akasema tu, “Iondoe hapa.” Kwa hiyo aliifunga juu ya gari akaenda nayo nyumbani.

Walimtafuta Kajiwara siku tisa. Hawakupata hata kasia. Chizuko aliwasha ubani mbele ya picha ya mdogo wake akamwambia kwamba kazi imekwisha. Alilala vizuri, akala vizuri. Hakujuta, na alipojichunguza kama anajuta alijikuta anacheka.

Siku ya kumi Yasunori alikuwa na likizo, akaamua kupika yeye chakula cha mchana. Jua lilikuwa linaingia mpaka katikati ya sakafu. Alifungua droo, akaipekua, akaifunga, akaifungua tena.

“Chizu, upawa wa supu umeuweka wapi?”

“Si umo humo.”

“Hamna. Na droo mbona imelowa?”

Chizuko alikuja akaugusa mpini wa droo. Akaweka kidole ulimini. Chumvi.

Ndipo wote wawili waliposikia bafuni. Maji yalichotwa, yakamiminwa. Yalichotwa, yakamiminwa. Bila haraka.

“Umefungulia maji?” Yasunori aliuliza.

Chizuko alikwenda. Beseni kubwa la kuogea, alilolipangusa mwenyewe usiku uliopita, lilikuwa limejaa hadi ukingoni, maji ya baridi yenye kijani cha bahari, na upawa wa supu ulikuwa unaelea katikati ukizunguka taratibu. Hapakuwa na mtu.

“Chizu,” Yasunori alisema kutoka ukumbini, kwa sauti aliyoishusha ghafla. “Usigeuke.”

Akatazama chini. Nyayo nyembamba za mtu mzima, mbichi, zilitoka kwenye beseni, zikampita kushoto, zikazunguka. Ziliishia nyuma ya visigino vyake.