Njia Yenye Ncha Moja

Kila asubuhi huko Boito, Mongina alimfunga mdogo wake Gesare kamba za viatu, kisha akamshika mkono hadi shuleni. Ukungu wa huko ukishuka, mtu huona mkono wake mmoja na kuamini tu kwamba wa pili bado upo.

Jumatatu iliyofuata watoto wa darasa la kwanza, Gesare akiwa mmoja wao, wangeanza kwenda peke yao wakifuata ramani. Kuichora ilikuwa kazi ya Mongina: afike kituo cha majani chai, kanisani palipo na shule, darajani na kwenye nyumba tupu, ahesabu njia zinazogusa kila mahali. Kila njia ilijulikana kuanzia mahali pamoja kati ya hapo na kuishia pengine.

Ijumaa alimpa Mwalimu Bilhah karatasi. Kituo tatu, kanisa mbili, daraja tatu, nyumba tupu moja.

"Jumla tisa," mwalimu akasema. "Njia moja ina ncha ngapi?"

"Mbili, mwalimu."

"Basi kila njia umeihesabu mara mbili. Njia zikiwa n, 2n = 9. n ni ngapi?"

"Nne na nusu."

"Hiyo nusu watu huitembea vipi? Kwa mguu mmoja?"

Mongina akainama. "Nyumba tupu sikufika. Niliogopa, nikaandika tu."

Wakaenda pamoja. Ndani ya nyumba kitu kilikuwa kikigonga polepole. Mwalimu akasema ni bati, lakini akaongeza mwendo. Chai ya hapo ilikuwa imepogolewa, na njia ya zamani, iliyofunikwa na majani miaka mingi, ilikuwa imefunuka. Njia za pale zilikuwa tatu.

"Jumla kumi na moja," Mongina akanong'ona. "Bado haigawanyiki kwa mbili."

"Basi kuna ncha mahali ambapo hatujaandika."

Wakaifuata ile ya zamani. Sauti za wachumaji zikapotea. Ghafla mwalimu akamvuta nyuma. Mbele ya viatu vyao palikuwa na shimo la kuchimbia mawe. Mongina akaangusha jiwe. Akahesabu moja, mbili, ndipo maji yakaitika chini. Ukingoni palikuwa na nyayo za mbuzi zikienda. Za kurudi hazikuwapo.

"Na ncha hii, kumi na mbili," akasema. "Njia sita." Akaviwaza viatu vya Gesare.

Jioni wazazi waliifunga njia kwa seng'enge, na Mongina akachora ramani upya.

"Kuogopa si kosa, hata mimi nimeogopa," mwalimu akamwambia. "Lakini Gesare angefika kwenye nyumba tupu akiamini njia ni moja, na angeweza kuishika hii ya shimoni. Hesabu ilijua kuna uongo. Shimo tumelijua kwa miguu. Ukiwa hujafika, andika hujafika."