Mikebe ya Juisi Sokoni Ndanai

Saa nne asubuhi, Jumamosi ya kwanza ya Februari mwaka wa 1971, mkebe wa juisi ulifunguliwa kwa panga katika soko la Ndanai. Aliyelishika panga alikuwa Johana, mwenye duka. Mgeni aliyeileta mikebe alikuwa amesahau kifaa cha kuifungulia mjini Kericho, na sokoni hapakuwa na mtu aliyemiliki kifaa kama hicho.

Nyanchoka, msichana wa darasa la sita, alikuwa akiuza ndizi za mama yake mbele ya duka hilo, kama alivyofanya kila Jumamosi. Aliona juisi ikiruka na kumlowesha Johana kifuani.

"Johana, unachinja nini hapo?" mwanamume mmoja aliuliza.

"Mkebe," Johana alijibu akijipangusa. "Umekataa kufa."

Watu walicheka. Mgeni naye alicheka kidogo. Jina lake lilikuwa Loice, na alitumwa na kiwanda cha kusindika matunda. Kazi yake ilikuwa utafiti wa soko: kuwaonjesha watu juisi ya karakara, yaani tunda la pasheni, kuwaonyesha mkebe na chupa, kisha kuwauliza wangenunua kipi na kwa nini. Kiwanda kilizoea kuuza juisi yake ng'ambo. Sasa kilitaka wanunuzi wa hapa nchini.

"Wakubwa wangu wanapendelea mkebe," alimwambia Johana. "Hauvunjiki barabarani."

Loice hakujua Kipsigis, na wazee wengi hawakujua Kiswahili. Johana akamwonyesha Nyanchoka. "Mchukue binti wa Gekara, Madam. Ni Mkisii, lakini Kipsigis anaongea kutushinda sisi wenyewe."

Nyanchoka alimwachia jirani ndizi na kusogea. Nusu ya shamba la baba yake ilikuwa ya karakara, mimea imetambaa juu ya nyaya zilizofungwa kwenye nguzo. Kila Jumatatu lori la kiwanda lilipita kuchukua matunda. Baba yake alikuwa amemwambia wazi: kiwanda kikiuza zaidi, kitanunua zaidi, naye ataenda sekondari.

Waliojua Kiswahili walijibu wenyewe. "Tamu sana, asante," walisema, mmoja baada ya mwingine. Mgeni akikupa kinywaji humwambii kuwa ni kibaya. Hiyo ilikuwa adabu ya mahali pale, na kila mtu aliielewa isipokuwa mgeni.

Kisha akaja Kogo Chepkemoi, bibi kizee ambaye soko zima lilimwita Kogo, yaani bibi kwa Kipsigis, kama nyanya yao. Alionja. Aliugeuza mkebe mzima mkononi, akautikisa, akaunusa.

"Mwambie mgeni inauma meno," alisema kwa Kipsigis. "Aongeze sukari. Tena mkebe huu nitaufungua na nini? Nikitumia panga nitakata mkono. Nikishakunywa, unabaki takataka. Chupa ningenunua. Juisi ikiisha, natia mafuta ya taa."

"Amesemaje?" Loice aliuliza.

Nyanchoka aliitazama mikebe iliyopangwa mezani. Wakubwa walitaka mkebe. Wakisikia kwamba mkebe haufai, labda wangeacha mpango wote.

"Anasema ni tamu," alijibu. "Mkebe anaupenda. Ni imara."

Phelis, binti wa Johana, aliyesoma naye darasa moja, alimvuta kando. "Kogo hakusema hivyo, muongo wewe!"

"Nyamaza! Unataka kumvunja mgeni moyo?"

"Moyo gani? Unatafuta kiti cha mbele kwenye gari lake!"

Nyanchoka alirudi mezani. Hadi jioni alitafsiri vivyo hivyo. Sifa alizipitisha, malalamiko akayaacha. Loice alimshukuru, akaondoka na majibu mazuri.

Mwezi wa Aprili wakulima waliambiwa kwamba juisi itauzwa madukani na kwamba matunda mengi zaidi yatahitajika. Gekara hakupanda mahindi mwaka huo. Nusu ya pili ya shamba aliitia nguzo na nyaya, akapanda karakara hadi kwenye ua.

Mikebe ilifika dukani kwa Johana mwezi wa Agosti. Aliipanga nyuma ya meza, picha ya tunda ikiwaelekea wanunuzi. Mwalimu mkuu alinunua mmoja. Mganga wa zahanati alinunua mwingine. Krismasi ilipofika, safu ya chini ilikuwa bado haijaguswa, na kutu ilikuwa imeanza kula kingo.

"Njoo uchukue ile mikebe inayopendwa na Kogo," Phelis alimwambia Nyanchoka.

Januari lori lilianza kuruka wiki. Baadaye dereva wake, Momanyi, alileta ujumbe: maghala ya kiwanda yamejaa mikebe, matunda hayatachukuliwa tena hadi wapewe habari nyingine. Karakara zilianguka chini ya nyaya, zikanyauka, zikachacha. Harufu yake ilifika hadi jikoni. Mama alijaribu kuziuza sokoni, lakini kila jirani alikuwa na zake.

Nyumbani ghala la mahindi lilikuwa tupu. Mvua za Machi zilikaribia, na shamba lilipaswa kuwa tayari. Wiki ya tatu ya Februari, Gekara alichukua panga akaanza kukata mimea shinani. Alianza na ile ya zamani, kisha akakata ile michanga iliyokuwa imetoa maua yake ya kwanza. Nyanchoka alikunja nyaya nyuma yake.

"Baba," alisema, "na sekondari?"

"Kwanza ule," baba yake alijibu bila kugeuka.

Jumamosi iliyofuata Loice alirudi Ndanai. Safari hii alikuwa na kifaa cha kufungulia mikebe. Alitaka kujua kwa nini watu waliosifu juisi hawakuinunua, na aliomba msichana yule yule amsaidie. Mtu wa kwanza kuitwa alikuwa Kogo Chepkemoi.

Kogo aliuona mkebe akaguna.

"Mwambie mgeni huyu kwamba nilimwambia mwaka jana," alisema. "Nilimwambia sukari. Nilimwambia chupa. Hana masikio?"

Loice alisubiri. Phelis alikuwa amesimama mlangoni pa duka. Kulitafsiri neno hilo kulikuwa kujishtaki mwenyewe. Kuliacha kulikuwa kurudia yale yale, na alijua sasa yale yale yalifika wapi.

"Anasema alikwambia mwaka jana," alisema. "Alikwambia inauma meno. Alikwambia hana cha kufungulia mkebe, na kwamba angenunua chupa."

"Hakuniambia hivyo. Ulisema anaupenda mkebe."

"Aliniambia mimi, Madam. Mimi ndiye sikukwambia."

Loice aliweka kalamu chini. "Na wengine?"

"Hata wao."

"Kwa nini?"

"Baba amepanda karakara." Kisha akajisahihisha. "Alikuwa amepanda."

Loice hakumgombeza. Aliagiza kila mtu aulizwe upya, na majibu yatafsiriwe neno kwa neno, matusi yakiwemo. Walifanya hivyo hadi soko likaanza kutawanyika. Wengi walitaka chupa. Walipomaliza, alimketisha Nyanchoka kwenye ngazi ya duka.

"Sikuja Ndanai kusifiwa," alisema. "Nilikuja kujua. Jibu baya lingeniumiza siku moja, kisha tungelirekebisha. Lile jibu zuri la uongo limewapotezea watu msimu mzima. Anayebeba neno la mtu hana ruhusa ya kulitia sukari, hata kama nia yake ni njema."

"Kiwanda kitanunua tena?"

"Sijui. Nitapeleka nilichosikia. Nisichokijua siwezi kukuahidi."

Jioni Nyanchoka alimweleza baba yake yote. Gekara alikuwa aking'oa nguzo. Alisikiliza hadi mwisho, mikono ikiwa juu ya nguzo.

"Ningejua watu hawataki mkebe," alisema, "ningeacha nusu ya shamba kwenye mahindi. Tungekuwa na chakula, na ile mimea ya zamani nisingeikata." Akaing'oa nguzo na kuilaza juu ya zile nyingine.

Chupa zilifika dukani kwa Johana mwezi wa Septemba, juisi ikiwa imeongezwa sukari. Kogo Chepkemoi alinunua moja siku ya kwanza. Zilizobaki ziliisha kabla ya soko lililofuata.

Jumatatu ya pili ya Oktoba, lori la kiwanda lilisimama tena mbele ya lango la Gekara. Momanyi alipiga honi. Nyanchoka alitoka nje.

"Mzigo uko wapi?" Momanyi aliuliza.

"Hakuna."

Momanyi alichungulia juu ya ua. Shamba lote lilikuwa mahindi. Aliingiza gia, na lori likaenda kwa jirani yao Kebaso, ambaye hakuwa amekata mimea yake.