Mjane wa Mfumo wa Zamani

Anayetaka kucheka acheke sasa, maana huko mbele hakuna pa kuwekea kicheko.

Ilianza na harufu. Asubuhi ile mke wa fundi Kisu aliinama kumimina chai, na mumewe akasikia nywele zake zinanuka vumbi la moto, lile vumbi linaloungua ndani ya kompyuta kuukuu ukiiwasha baada ya kuitupa stoo miaka. Fundi wa kompyuta hapotei kwa harufu hiyo, kama mchinjaji asivyopotea kwa damu. Lakini mkewe alikuwa mshonaji. Kompyuta alikuwa haigusi hata kwa kuipangusa.

"Umelala karakana?" akamuuliza.

"Nilale karakana, nimekuwa bisibisi?" Kisha mkewe akatua birika na kupunguza sauti. "Ila alfajiri kuna mtu kaniamkia. Sauti ya kiume. Kasema, umeamkaje, mke wangu. Nikajua ni wewe, nikashangaa adabu umejifunza lini."

Kisu akacheka. Huyo alikuwa hana kitu asichokicheka. Hata jina la Kisu hakupewa na baba yake. Alipewa na Baraza la Mafundi, kundi la watu mia tatu waliojazana ndani ya simu, wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso, lakini wanachukiana kama wake wenza. Kila mmoja ameshika mfumo wake wa kompyuta kama dini: watu wa Madirisha huwacheka watu wa Pengwini, eti mtu anaandika amri kumi ili afungue wimbo mmoja. Watu wa Pengwini nao huwaambia wa Madirisha kwamba mashine yao ikipiga chafya, dawa ni kuizima na kuiwasha. Watu wa Tufaha hawasemi na mtu. Wanapita wameinua pua. Jambo moja tu huwapatanisha wote: kumcheka anayetumia programu ya zamani.

Na kundi hilo lilikuwa na mila yake. Mfumo ukizeeka, walioutengeneza wakautupa mkono, Baraza huufanyia mazishi. Mmoja anaandika tanzia, mwingine anajifanya kuosha maiti, mwingine kuchimba kaburi, na wengine wote wanatoa pole. Mwandishi wa tanzia miaka yote alikuwa Kisu, na naapa kwa mkono huu, hakuna aliyemfikia kwa ulimi mbaya.

Kundini kulikuwa na mzee mmoja, mlinzi wa mitambo kwenye kituo cha pampu ya maji, wenzake wakimwita Mzee wa Disketi. Siku moja kabla ya harufu ile aliandika kwamba kompyuta ya pampu yake inaendeshwa na mfumo aliouweka mwenyewe nywele zake zikiwa nyeusi, na kwa miaka ishirini na sita haijazimwa hata siku moja.

"Nawaomba msiutangazie kifo," aliandika. "Bado unafanya kazi. Na humo ndani mna mwenyewe. Mimi kila asubuhi hubisha hodi kabla sijagusa kibodi."

Loo! Ni kama alimwaga sukari penye siafu.

"Mzee, hiyo si kompyuta," Kisu akamjibu. "Hilo ni kaburi lenye vitufe." Na hapo hapo akabandika tanzia: "Tunasikitika kutangaza kifo cha Mfumo wa Mzee wa Disketi. Marehemu ameugua skrini ya bluu kwa muda mrefu. Kumbukumbu yake ilikuwa ndogo kuliko ya kuku. Ameacha kipanya kimoja chenye mkia, na mjane mmoja."

Sasa mjane lazima awe na sura, la sivyo utani haukolei. Kisu alikuwa na picha ya mkewe aliyompiga kwa kumvizia akikata vitunguu, machozi yanamchuruzika, kanga ameifunga kichwani. Akaibandika chini ya maneno. Mkewe hakuulizwa. Watu mia tatu walicheka mpaka simu zikapata joto, kisha wakafuata mila yao: mmoja mmoja, wakampa mjane pole.

Mzee wa Disketi peke yake hakucheka. Aliandika swali moja: "Umefanya nini?"

Siku ile ile ya harufu, saa sita mchana, jua limesimama wima, Kisu alikuwa karakana, ambayo ni chumba cha mbele cha nyumba yake. Kutoka chumba cha nyuma akasikia cherehani ya mkewe ikienda. Akaisikiliza. Ilikuwa haipumziki. Mshonaji husimama kugeuza kitambaa, hukata uzi, hukohoa. Cherehani hii ilikwenda mfululizo kama saa, na katikati ya mlio wake mlikuwa na mlio mwingine mdogo mkavu, krik, krik, krik, kama diski inayotafuta kitu ilichokisahau.

Akaenda, akasukuma mlango. Mkewe alikuwa amekaa, mikono ameipakata. Miguu yake ilikuwa imekunjwa chini ya kiti. Na pedali ya cherehani ilikuwa inapanda na kushuka peke yake.

Mkewe alipomwona akashtuka, akavuta kanga akajifunika mpaka shingoni, akainamisha macho.

"Shemeji," akasema polepole, "mbona unaingia bila hodi?"

"Nani shemeji yako?" Kisu akajaribu kucheka. "Acha mchezo, mke wangu."

"Usiniite hivyo, shemeji. Mwenyewe anasikia."

Jamani, mtu anaweza kutukanwa matusi yote ya sokoni asiumie, lakini kuitwa shemeji na mke uliyekula naye chumvi miaka kumi na minne, kwa heshima ile, kwa macho yaliyoinama vile, kama mwanamke anayemsitiri mumewe kwa mgeni, ni kisu kinachoingia bila kutoa damu. Kisu akarudi nyuma akaufunga mlango taratibu, akakimbilia karakana. Na huko akakuta kompyuta tano za wateja, tatu kati yao hazina hata waya wa umeme, zote zimewaka, skrini nyeusi tii, na kwenye kila skrini kistari cheupe kinapepesa kama jicho, na mbele ya kistari maneno yanajiandika herufi moja moja bila haraka: NIPO. MKE WANGU AMEKULA?

Akampigia simu Mzee wa Disketi.

"Shikamoo, mzee."

Miaka yote ya kumtukana, hakuwahi kumwamkia.

"Marahaba. Nilijua utapiga," akasema Mzee wa Disketi. "Kabla hujaniuliza, nikwambie. Mashine yangu imezimika. Dakika ile ile ulipobandika tangazo lako. Umeme upo, waya uko, kila kitu kizima. Mwenyewe katoka."

"Katoka kaenda wapi?"

"Unaniuliza mimi? Miaka ishirini na sita hakutoka kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Wewe umempa mke."

Kisu hakuwa na mtu wa kumkimbilia isipokuwa shangazi wa mkewe, mwanamke mfupi, mkavu, anayejua mambo ya kupunga majini kuliko anavyojua jina lake. Na huyo alikuwa hampendi Kisu tangu siku ya posa. Alifika mchana uliofuata na kikapu chake, akanusa mlangoni, akasema, "Mh. Huyu si wa mtini wala wa kisimani. Huyu ananuka stima, umeme wenu."

Akamkalisha mkwewe kwenye kiti cha karakana, akamwamuru asifumbue mdomo. Mpwa wake, mke wa Kisu, shangazi akamkalisha mkekani. Akafukiza ubani. Moshi ulipomfikia yule mwanamke ulipinda, ukamzunguka kwa mbali, haukumgusa. Mdomo wake ukafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya vipande vipande, kama mashine inayosoma disketi yenye mikwaruzo.

"Mnataka. Nini. Nyumbani. Kwangu."

"Nyumbani kwako ni wapi?" shangazi akauliza kwa upole, kama anayemsemesha mtoto mwenye wembe.

"Alipo. Mke wangu."

"Nani alikuoza?"

"Mumewe. Kwa maandishi. Na picha. Mashahidi. Mia tatu."

Shangazi akageuza shingo taratibu. "Uliandika?"

"Ulikuwa utani tu, shangazi."

"Utani hufanywa na watani, mwanaharamu wee. Huyu na wewe mlitaniana lini?" Akashusha pumzi. "Waliotoa pole ndio mashahidi wake. Wakiikana, hana tena la kushikilia. Haya, waambie. Sema ulidanganya, waombe waifute."

Kisu, ambaye tangu ajiunge na Baraza hakuwahi kuandika "nimekosea", aliandika. Aliandika kwamba mfumo ule haujafa, kwamba yule si mjane, ni mkewe wa ndoa, na kwamba jini amemwingia, tafadhali kila mtu afute pole yake.

Vicheko vikamwagika kama mtama uliopasuka gunia.

"Hapo umetuweza!" akaandika wa Madirisha mmoja. "Jini la toleo gani?"

"Mzime, mwashe tena, atapona," akadakia wa Pengwini.

"Poleni wafiwa," wakaandika wengine, hamsini, sitini, mia.

Akarekodi sauti akilia. Walikisikia kilio, wakakikata, wakakitia mdundo, wakawa wanarushiana. Wengine wakaipeleka tanzia na picha kwenye makundi mengine, kwa watu wasiomjua hata mwenye picha, nao wakatoa pole, na kila pole ilipoingia simu ikalia ting, na kila ting mkekani yule mwanamke akazidi kupauka, mikono ikazidi kuwa baridi kama bati la alfajiri, harufu ya vumbi la moto ikazidi kuwa nzito mpaka ikawa kama unakula majivu, na krik krik ile sasa haikutoka kwenye cherehani wala kwenye kompyuta, ilitoka kifuani mwake, mahali pa moyo.

"Zima simu!" shangazi akanong'ona.

"Nimezima, shangazi. Nimezima tangu muda."

Ting. Ting.

Shangazi akamshika mpwa wake taya kwa mikono miwili. "Mwanangu, unanisikia? Hawa wanaume wamekuoza na kukufishia mume, wewe hujasema neno. Sema. Neno lako ni kubwa kuliko lao mia tatu. Wewe ni mjane wake?"

Meno yakaumana. Shingo ikakakamaa. Skrini tano zikaandika HAPANA HAPANA HAPANA mpaka zikajaa. Na kutoka mbali kabisa, kama mtu anayepanda ngazi ndefu amebeba mzigo, sauti ya mke wa Kisu ikaja.

"Mimi... si mjane... wake."

Krik krik ikakoma. Skrini zikafutika, kikabaki kistari kinachopepesa. Kisha sauti ya vipande ikaongea tena, na safari hii haikupita kwenye mdomo wa mtu. Ilitoka kwenye kuta.

"Nimesikia. Si mjane wangu. Na mimi. Si maiti. Lakini pole. Zimetolewa. Mjane yupo. Mume wa huyu. Ni nani?"

Shangazi aliruka kutoka mkekani, kiganja kimenyooshwa kumziba Kisu mdomo. Alichelewa. Kisu alikuwa ameona macho ya mkewe yamerudi kuwa macho ya mkewe, na furaha na majivuno yakampanda kwa pamoja.

"Mimi!" akapiga kelele, akijipiga kifua. "Mimi ndiye mumewe!"

"Basi," kuta zikasema.

Na harufu ikaondoka. Kompyuta zikazimika moja baada ya nyingine, taratibu, kama watu wanaoagana. Huko kituo cha pampu, tulisikia baadaye, mashine ya Mzee wa Disketi iliwaka yenyewe saa hiyo hiyo na maji yakatoka.

Mkewe akapangusa uso. "Shangazi, umekuja lini? Mbona moshi?" Akamgeukia Kisu kitini, akatabasamu. "Na wewe, mume wangu, unalia nini?"

Kisu akataka kumjibu, lakini hodi ikagongwa. Mkewe akainuka kwenda kufungua. Walikuwa wanaume watatu wasiojulikana pale mtaani, kofia mkononi, simu mkononi, nyuso za watu wasiojua waanzie wapi.

"Sisi ni wa Baraza la Mafundi, mama," wa mbele akasema kwa sauti ya chini. "Tunakaa humu humu mjini. Utusamehe. Tulijua ni utani, tukawa tunakuja kucheka naye; hapo nje tu ndipo tukaona tangazo limebadilika jina la marehemu. Pole sana."

"Jina lipi?" Kisu akacheka kwa nguvu. "Ingieni, wapuuzi nyie! Kumbe mna miguu! Kisu ndiye mimi hapa!"

Hakugeuka hata mmoja.

Mkewe alitazama nyuma. Macho yake yalipita kwenye meza, kwenye kompyuta, kwenye kiti, yakaenda ukutani, yakarudi. "Alikuwa hapa," akanong'ona. "Shangazi, sasa hivi tu alikuwa hapa."

Shangazi akamshika mkono, akaanza kumfunika kanga kichwani.

Yule mwanamume wa mbele, kwa heshima zote, akatafuta pa kukaa, akapangusa kiti alichokuwa amekalia Kisu, akakaa.