Nani Aliua Dunia ya Mansour

Soko la Kolwezi lilikuwa limefurika, na Mansour alisimama mlangoni pa banda la sinema, shati jekundu, kipaza sauti mkononi. Msichana mmoja, Bilkisi, akapita amejifunga liputa, kitenge chake kipya cha manjano.

"Mama wa liputa ya manjano, bila weye film haianze!"

Soko zima lilicheka. Bilkisi naye, jamani, akaingia!

Kazi ya Mansour ilikuwa kufasiri filamu za mwisho wa dunia: mara jua limepoa, mara bahari imemeza miji, mara watu wametia sumu mito yao wenyewe. Yeye na Bilkisi wakapendana. Tata Omari, baba yake Bilkisi, mwenye macamion, yaani malori ya kubeba mawe ya madini, akakubali kupokea wazee wa Mansour waje kuposa Jumapili.

Alhamisi, ulimi ukamponza. Filamu ilionyesha dunia kavu, watu wamefunika pua.

"Nani aliua dunia?" akapaza sauti. "Ni vumbi ya macamion ya Tata Omari!"

Banda likavunjika mbavu. Bilkisi akatoka kwa aibu. Kabla hajafika nyumbani, maneno yalishafika kwa baba yake.

Mansour akapiga simu. "Chérie, mpenzi, nilicheza tu!"

"Unacheza na jina ya baba? Usinipigie tena!"

Bilkisi akakata, akalia. Alimpenda, na aliona Jumapili yake imekwisha.

Jumamosi Mansour akaja, akavua viatu, akapiga magoti mbele ya mzee. Bilkisi alisikiliza nyuma ya pazia, roho juu.

"Tata, unisamehe."

"Kwanza uniambie. Mu ile film, kweli kweli, nini iliua dunia?"

"Sijue, tata. Banasema Kikorea. Sikusikia hata neno moja, nilitunga tu."

Mzee akamkodolea macho.

"Ulitunga? Na miye tangu jana nafunika macamion yote na maturubai, bashoferi bananicheka!"

Akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka. Kisha akajifuta. "Lakini maturubai itabakia. Ile vumbi, kweli, iko yangu. Bazee bako bakuje kesho."

Alhamdulillahi! Bilkisi alishusha pumzi, akaingia na chai bila kuitwa.

"Chérie," Mansour akanong'ona, "ungali umekasirika?"

"Sana. Nitakukasirikia mpaka tuzeeke bote."